Tunachota sufuria moja na mdogo wangu, ninayenenepa ni mimi tu. Ni bakteria wa tumbo kweli?

Manka_wa_Soweto

Habari za jioni wana jukwaa. Nina swali, na wale wa matusi naomba mpite pembeni, huku mtaani nimeshatukanwa vya kutosha.

Nina miaka 27, niko Moshi mtaa wa Soweto. Kazi yangu ni steshenari karibu na stendi: kutoa kopi, kuchapa barua za watu, kuwajazia vijana fomu za mikopo. Urefu sentimita 160. Nilipomaliza chuo nilikuwa na kilo 58, leo nina 81. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, tunakaa naye chumba na sebule, jiko moja, sufuria moja. Yeye ana kilo 54 na anaweza kumaliza sahani ya wali iliyojaa mpaka inamwagika, halafu akauliza kama ukoko umebaki. Mimi nikinywa maji tu naona sketi inabana.

Sasa kuna dada mmoja anauza bidhaa mtandaoni, kanitumia sauti ndefu. Anasema tatizo langu halipo kwenye chakula, lipo kwenye bakteria. Kwamba tumboni kuna "bakteria wanene" na "bakteria wembamba", mdogo wangu kajaliwa wembamba, na yeye ana vidonge vya kuwatoa wanene na kuingiza wembamba bilioni 50 kwa kila kidonge. Dozi ya mwezi shilingi 95,000, unatanguliza chai ya kusafisha utumbo. Akaniambia nipige picha ulimi wangu. Nikapiga. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Umeona wenyewe, wamejaa." Nikaomba picha ya chupa, akatuma. Nimeikuza kwenye simu: kuna lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, kona moja ya ile ya chini imechungulia, na pale kwenye kona naona kwato. Kwato za mnyama kabisa.

Nilienda pia kituo fulani cha afya. Nikapanga foleni tangu asubuhi, saa saba ndiyo naingia, niliyemkuta hakuinua kichwa: "Punguza kula dada. Anayefuata."

Sikatai kwamba nakula. Asubuhi chai ya maziwa na chapati 2, mchana wateja wakibana naagiza chipsi mayai na soda, usiku tunapika wali au ugali na mboga. Lakini mbona mwenzangu yuko vile?

Naomba mnaojua mniambie. Hii ya bakteria ni elimu au ni biashara? Yule dada anataka elfu 30 ya kishika uchumba kesho. Nawasilisha.


Jembe_la_Rombo

Hakuna bakteria hapo. Chapati 2, chipsi, soda, unategemea nini? Amka saa kumi na moja ukimbie mpaka hospitali ya KCMC na kurudi. Wahadzabe wa Eyasi, wale wawindaji wa porini, hawajui vidonge, wanatembea mchana kutwa, nani aliwahi kuona Mhadzabe ana kitambi?


Njiro_kwa_Mama_J

Shoga, hiyo chai naijua. Ndani kuna sena, majani ya kuharisha. Nilishinda chooni, mizani ikashuka, nikapiga na picha. Nilipoanza kunywa maji kama binadamu uzito wote ukarudi. Kilichotoka yalikuwa maji, mafuta yalikaa palepale yananiangalia.


Darubini_Ngarenaro

Manka mdogo wangu, hiyo elfu 30 usitume. Kaa vizuri, maana nina maneno mengi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Arusha. Maisha yangu yote ya kazi nimepokea vikopo vya choo dirishani, vingine vimeviringishwa ndani ya mifuko mitatu na gazeti juu, mwenye nacho anaangalia pembeni kama vile si chake. Naweka kwenye kioo, naangalia kama kuna minyoo au amiba. Kwa hiyo habari za matumbo ya watu hazinitishi. Na nakwambia hivi: hata darubini yangu haiwezi kunionyesha bakteria gani kamnenepesha nani, seuze picha ya ulimi iliyopigwa chini ya taa ya sebuleni. Huyo dada ni jasiri.

Ila hajatunga kila kitu, na ndiyo maana anauza.

Mwaka 2004, kwenye maabara ya Jeffrey Gordon pale Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walichukua panya waliokuzwa ndani ya vizimba visivyo na kijidudu hata kimoja. Walikuwa wembamba. Wakawawekea vijidudu vya utumbo wa panya wa kawaida. Ndani ya wiki 2 mafuta ya mwili yalipanda kwa karibu asilimia 60, na hapo panya walikuwa wanakula pungufu ya walivyokuwa wakila mwanzo. Mwaka 2006 wakaenda mbele: wengine wakapewa vijidudu vya panya wanene, wengine vya panya wembamba. Wa kwanza mafuta yaliongezeka asilimia 47, wa pili 27. Maelezo yao ni kwamba kuna bakteria hodari wa kuvunja yale makapi ambayo utumbo wetu umeshindwa kuyasaga, basi wanakukamulia nguvu ya ziada kutoka kwenye ukoko uleule.

Sasa suala lako wewe na mdogo wako. Gordon na wenzake walikuwa na pacha wa kike kutoka Missouri, wasichana na wanawake wa miaka 21 hadi 32, pamoja na mama zao, jumla watu 154. Matokeo yalitoka 2009. Wanene kwa ujumla walikuwa na aina chache za bakteria kuliko wembamba. Watu wa familia moja walifanana zaidi kuliko watu baki, lakini pacha wa kufanana hawakufanana kuliko pacha wasiofanana. Maana yake kuzaliwa tumbo moja hakumalizi kazi. Mnachokula na mnakoishi vinaingia humo.

Halafu 2013 walitafuta pacha wa kike ambao mmoja ni mnene na mwenzake mwembamba. Wakapata jozi 4. Wakatoa vijidudu vyao wakapandikiza kwa panya. Panya wa yule mnene wakanenepa, wa yule mwembamba wakabaki. Kisha wakawaweka kizimba kimoja. Panya, samahani kwa wanaokula sasa hivi, hula mavi ya wenzao. Vijidudu vya wembamba vikahamia kwa wale wengine na kuwazuia wasinenepe. Sasa soma hapa taratibu: hilo lilitokea pale tu walipopewa chakula chenye mafuta kidogo na nyuzinyuzi nyingi. Walipopewa chakula chenye mafuta mengi, matunda na mboga kidogo, bakteria wa wembamba walishindwa kuingia. Hawakupata pa kushika.

Yaani hata kama vidonge vya huyo dada vingekuwa na bilioni 50 za kweli, hai, za aina sahihi, kuvimeza na kuendelea na chipsi mayai na soda ni sawa na kuchukua mgomba wa Kibosho ukaupanda Same na kusahau maji.

Na hao walikuwa panya. Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu zaidi. New Zealand walichukua vijana wanene 87, wavulana kwa wasichana, wa miaka 14 hadi 18, wakawapa nusu yao vidonge vyenye vijidudu kutoka vinyesi vya watu wembamba wenye afya. Uliisoma vizuri, vinyesi. Baada ya wiki 6 uwiano wa uzito na urefu haukutofautiana na wale waliopewa vidonge bandia. Huo ni utafiti wa 2020. Ubelgiji 2019 walijaribu bakteria mmoja anaitwa Akkermansia muciniphila, kwa miezi 3. Insulini ilifanya kazi vizuri zaidi kwa waliopewa yule aliyeuawa kwa joto (ndiyo, aliyekufa alifanya vizuri kuliko aliye hai, nami nilicheka), lakini kilo zilishuka kidogo mno kiasi kwamba huwezi kusema ni dawa. Ndiyo hali ilivyo mpaka hapo: wanaocheza na vinyesi kwa fedha za vyuo vikuu hawajampunguza mtu kilo za maana, halafu mtu wa mtandaoni amefaulu kwa elfu 95.

Hao "wanene na wembamba" wake nao wana asili yake. Mwaka 2006 watu wanene 12 walipimwa, wakaonekana wana kundi la Firmicutes kwa wingi na Bacteroidetes kidogo, na walipopungua uwiano ukageuka. Dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2016 Marc Sze na Patrick Schloss wa Michigan wakakusanya takwimu za tafiti 10, wakaziunganisha. Uhusiano ulikuwepo lakini hafifu mno. Ukipewa kikopo bila jina huwezi kusema mwenye nacho ni mnene au mwembamba.

Jembe_la_Rombo, mkuu, Wahadzabe umewaleta mwenyewe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayochoma Wahadzabe kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya watu wa mjini Marekani na Ulaya, pamoja na kutembea kote huko. Kwa hiyo kumtuma Manka mpaka KCMC alfajiri kutamsaidia moyo, presha na usingizi, kwenye kilo asitegemee makubwa. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hubadilika na msimu: kuna makundi yanatoweka msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda ya porini, halafu yanarudi kiangazi. Watu walewale, matumbo yaleyale, kilichobadilika ni chakula.

Manka, nina maswali. Mchana mdogo wako anakula nini na wapi? Na mwaka huu umemeza antibayotiki mara ngapi?


Manka_wa_Soweto

Asante sana dada, nimesoma yote na ile ya panya nimeisoma nikiwa nakula.

Nimemuuliza mdogo wangu. Mchana anabeba kontena: ndizi na maharage, au makande ya mama kutoka Uru tuliyoletewa Jumapili, kwa sababu anabana hela ya kula chuoni. Asubuhi uji wa ulezi, anasema chapati inamletea kiungulia. Kwenda chuo na kurudi anatembea. Kwa hiyo sufuria moja ni usiku tu. Sikuwahi kuliangalia hivyo.

Antibayotiki: koo langu linanisumbua, nikienda duka la dawa wananipa azuma, mara nyingine amoksilini. Sijahesabu. Na kuna dada wa ofisi ya jirani kaniambia niache kabisa kula wanga na ninywe mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kila siku, eti KCMC walitafiti mbege ikaonekana ni dawa. Hilo nalo likoje?


Mama_Lishe_Mbuyuni

Manka mwanangu, hao maprofesa siwajui ila chakula nakijua. Nimepika Mbuyuni miaka na miaka, naona vijana wanavyobadilika. Zamani kijana akija dirishani ananiuliza, mama leo kuna makande? Siku hizi anauliza kuna nini cha haraka.

Sikiliza. Mahindi yasiyokobolewa na maharage ninaloweka jioni, asubuhi namwaga yale maji, nabandika maji mapya. Ukimwaga yale ya kwanza gesi inapungua, usije ukamfukuza mteja wa steshenari. Nikishaivisha naunga kitunguu, karoti, nyanya kidogo, mafuta kijiko, basi. Sahani 1,500. Mtu akila ile saa saba, saa kumi na moja bado hajatafuta andazi. Akila chipsi za 3,000, saa kumi anatafuta. Mimi sihitaji darubini kuliona hilo.

Unga nao. Nunua dona, siyo sembe nyeupe pee. Ila dona ukipata lililokaa kwenye unyevu, lenye harufu ya vumbi lililooza, rudisha. Sumukuvu haina mchezo, na ulezi hivyohivyo. Na mnafu na matembele usichemshe mpaka yakawa meusi.


Nesi_wa_Tengeru

Naomba niongeze mambo ambayo hayajaguswa, maana uzi umeshika utumbo ukasahau mwili uliobaki.

Dada Manka, je, unatumia uzazi wa mpango? Kama ni sindano ya miezi 3, ijue kwamba baadhi ya wanawake huongezeka uzito, wengi kilo 1 au 2 kwa mwaka, wachache wanaongezeka sana. Usiache ghafla ukapata mimba usiyoitaka. Rudi kliniki useme unataka kubadilisha njia, ni haki yako. Pili, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Ikiwa inaruka miezi, una chunusi nyingi au ndevu zinaota kidevuni, kuna tatizo la homoni kwenye vifuko vya mayai ambalo linakwenda pamoja na unene na sukari, na lina matibabu. Tatu, tezi ya shingo. Uchovu, baridi isiyoeleweka, choo kigumu, uzito kupanda: mwambie daktari apime.

Kwa urefu wako na kilo 81 uwiano unakuja 31 na ushee. Kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri. Sisemi hivi kukutisha. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, mwaka 2010 walikuwa 22. Mko wengi. Nasema ili upime presha na sukari sasa, kabla hazijajitokeza zenyewe. Na aliyekujibu bila kuinua kichwa hakukutendea haki. Rudi, na ukikutana na mwingine wa hivyo omba kuonana na daktari wa zamu.


Darubini_Ngarenaro

Nesi, umenipunguzia kazi. Manka, maswali yake yajibu kwanza kabla ya yangu. Bakteria ni kipande kimoja cha habari yako, na huenda si kikubwa.

Sasa nipitie uliyouliza, nianze na antibayotiki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Marekani waligundua kwamba kuku wakichanganyiwa antibayotiki kidogo kwenye chakula wanakua haraka. Ikawa biashara kubwa, Umoja wa Ulaya ulikuja kuipiga marufuku 2006. Kwa hiyo wazo kwamba dawa hizi zinagusa uzito halikutoka hewani, na kwa watoto wadogo wanaopewa mara kwa mara umeonekana uhusiano na unene baadaye. Kwa mtu mzima kama wewe hakuna anayeweza kukwambia azuma ndiyo iliyokupa kilo 23, mimi sitasema. Lakini koo nyingi zinaletwa na virusi, na virusi havisikii azuma. Unaua bakteria wako wa tumboni bure, na unafuga usugu ambao kesho utakugharimu kwenye ugonjwa wa kweli. Koo likirudi tena nenda ukaangaliwe.

Mbege. Hapa nina furaha kidogo kwa sababu ni habari ya kwenu. Ni kweli watafiti wa Moshi, KCMC na taasisi yake ya utafiti, pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walifanya jaribio Kilimanjaro, likachapishwa 2025. Watu 77. Wa vijijini waliozoea chakula cha asili wakahamishiwa kwenye chakula cha kizungu, vya kukaanga na vya viwandani, kwa wiki 2. Wa mjini waliozoea hivyo wakarudishwa kwenye chakula cha asili: ndizi, kunde, mboga, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine likapewa mbege wiki 1. Damu zao zikapimwa. Wale wa vijijini, ndani ya wiki 2 tu, alama za kinga kuchachamaa bila ugonjwa zilipanda, na seli za kinga zikawa dhaifu zikikutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye ndizi na kunde alama zikashuka, wa mbege nao vilevile, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Huo ndio utafiti ambao ningependa kila binti wa steshenari na saluni pale Moshi ausikie.

Lakini dada wa ofisi ya jirani kaacha vitu viwili. Cha kwanza, wote 77 walikuwa wanaume. Wanawake vijana, wenye hedhi zao, sindano zao na mimba zao, hawakuwemo, na mwili wenu hauendi na homoni zilezile. Cha pili, jaribio halikuwa la kupunguza kilo. Lilipima kinga na damu. Mbege ina kileo, ina sukari ya ndizi ambayo haijachachuka yote, na hakuna pahali walipoandika kwamba kata moja kila jioni inapunguza kiuno. Kwenye sherehe kunywa, kama unakunywa. Usiifanye dozi.

Ukitaka kilichochacha bila kileo kuna maziwa mgando, na kwetu huku Arusha kuna loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chakula cha Wamaasai na Waarusha ambacho mahotelini hukioni. Stanford 2021 walilisha watu wazima vyakula vilivyochacha kwa wiki 10: aina za bakteria ziliongezeka, alama za kuchachamaa zikashuka. Kilo hazikushuka, nakwambia mapema ili usije kunidai.

Na wanga usiuache. Ulezi, dona, ndizi, maharage, huko ndiko nyuzinyuzi ziliko. Bakteria wa utumbo mpana wakila nyuzinyuzi wanatoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo wenyewe, na asidi hizi zinaamsha homoni za kushiba, ikiwemo GLP-1, ambayo zile sindano mpya za kupunguza uzito zinaiiga. Mama Lishe kasema mteja wa makande hatafuti andazi saa kumi na moja. Sehemu ya sababu ni hiyo.

Sehemu nyingine haina bakteria kabisa. Mwaka 2019 Kevin Hall wa taasisi za afya za taifa za Marekani aliwafungia watu 20 hospitalini mwezi mzima, wiki 2 vyakula vya viwandani, wiki 2 vyakula vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka kilo 0.9 ndani ya wiki 2 hizo. Hakuna aliyewalazimisha. Mdogo wako kakwepa hilo kwa kontena la ndizi na kiungulia. Inawezekana ana bahati yake ya mwili pia, wapo watu hivyo. Mimi ningeanza na mchana wako kabla ya kitu kingine chochote. Soda iondoke kwanza, chipsi zishuke ziwe siku chache, kontena libebwe na wewe pia. Nyuzinyuzi ongeza polepole, ukiruka siku moja kutoka chipsi mpaka makande sahani mbili utajaa gesi na utasema nimekudanganya.


Fundi_Simu_Sakina

Dada Darubini, mke wangu ana miaka 25 na tatizo hilohilo. Hapa Arusha wapi wanapima aina za bakteria wa tumbo? Nimeona kampuni za nje zinapokea sampuli kwa posta. Na nilisikia kuna mwanamke Marekani aliwekewa vijidudu vya mtu mnene akanenepa, hiyo nayo ni kweli?


Darubini_Ngarenaro

Fundi, weka hela yako mfukoni. Hospitali inapima choo kutafuta minyoo, amiba, damu, bakteria wa ugonjwa. Zile kampuni zitakutumia karatasi nzuri yenye rangi na asilimia, lakini hakuna kiwango kilichokubaliwa kwamba mtu mzima mwenye afya awe na kiasi gani cha nani. Daktari wako ataikunja. Mke wako akapime sukari na presha, na maswali ya Nesi ya hedhi na sindano myajibu wote wawili.

Huyo mwanamke ni kweli, Rhode Island, iliandikwa 2015. Alikuwa na miaka 32 na kuhara kusikokoma kwa bakteria anaitwa Clostridium difficile, akawekewa kinyesi cha binti yake wa miaka 16 ambaye alikuwa na uzito mkubwa. Akapona kuhara. Kutoka kilo 62 hivi, miezi 16 baadaye alikuwa na 77 na hakufaulu kuzishusha. Inasisimua. Ila ni mtu mmoja, alikuwa ametoka kuugua, alikuwa amemeza dawa nyingi, na binti ni wake, damu ile ile. Madaktari wake wenyewe waliandika kwa tahadhari, wakashauri wachangiaji wasiwe wanene. Ichukue hivyo.


Manka_wa_Soweto

Nimempigia yule dada nikamuuliza ile kwato ni ya mnyama gani. Amenizuia, namba haipatikani.

Nesi, ndiyo, natumia sindano, mwaka wa pili sasa, na hedhi sijui hata inakwenda vipi. Alhamisi naenda kliniki, nimeomba ruhusa kazini na nimeandika maswali yako kwenye karatasi nisije nikaambiwa anayefuata.

Mama Lishe, mnaleta mpaka stendi?


Jembe_la_Rombo

Kwato lazima ni za nguruwe. Sikukuu njema.


Mama_Lishe_Mbuyuni

Tunaleta. Kijana wangu anapita na baiskeli saa sita na nusu, ana ndoo ya bluu. Mwambie sahani ya Manka, nimeshamwelekeza. Pilipili unakula?